Nuclear family ilivyoingia Mpepai kutoka semina, na meza iliyotolewa miguu

Wakuu, shikamooni wenye kustahili, na nyie wengine mambo.

Jana kuna mdau humu aliuliza nuclear family maana yake nini na ilitokea wapi. Majibu niliyoyasoma yamenifanya niweke chini kikapu cha mboga. Mmoja kasema neno limetokana na bomu. Mwingine kasema ni familia yenye ugomvi.

Ngoja niwasaidie, maana mimi hiyo kitu nimeishi nayo nyumba moja. Na hii sio chai. Mume wangu, Baba Editha, mwenyewe yupo sebuleni, akitaka kukanusha afungue akaunti yake.

Tuanze na usomi kidogo ili msinione wa kijijini. Nucleus ni neno la Kilatini, maana yake kokwa, kile kiini cha ndani. Wataalamu wa jamii wa Ulaya na Marekani wakalichukua kuelezea baba, mama na watoto wao tu, kwamba hao ndio kiini, na babu, shangazi, wajomba na binamu ni maganda. Kwao ilikuwa na mantiki yake. Mtu anafanya kazi kiwandani, anapanga vyumba mjini, shangazi atamweka wapi?

Sasa hilo neno lilifikaje kijijini kwetu Mpepai, huku Mbinga, kwenye miteremko ambayo hata baiskeli inashuka kwa kusali?

Lilikuja kwa semina.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa. Kahawa ilikuwa imeachiwa, wanunuzi binafsi wamemwagika Mbinga, kila mtu anasema soko huria hata kama anauza buni za mti mmoja. Mume wangu akapata ukarani kwenye kampuni moja ya wanunuzi. Wakampeleka semina Songea. Huko mwezeshaji akachora duara ubaoni, ndani akaweka baba, mama na watoto, nje akaweka ndugu wote, akawaambia huko nje ndiko umaskini unakotokea.

Mume wangu alirudi na lile duara kichwani. Hajawahi kurudi na kitu kingine kutoka Songea, hata mkate.

Hapa lazima nieleze sengu, maana bila hiyo hamtanielewa.

Mimi ni mtu wa ziwani, Lipingo, Mwanglikana, nimekulia kwenye usipa, dagaa wetu wa Nyasa. Niliolewa mlimani kwa Wamatengo. Nikakuta utaratibu wao wa sengu: jioni kila mke wa ukoo anapika kwake, anabeba sahani yake anapeleka nyumbani kwa baba mkwe. Wanaume na watoto wa kiume wanakula pamoja barazani, wanawake na mabinti tunakula na mama mkwe jikoni. Hapo ndipo mambo yote yanaposemwa. Nani anaumwa, nani kagombana na mkewe, kesho tunalima kwa nani. Koo nyingi zilikuwa zimeshaiacha, lakini baba mkwe wangu alikuwa hajapata taarifa.

Mwanzoni nilijisikia kama niko kwenye mtihani wa mapishi. Siku nilipopeleka usipa wa nyanya, mama mkwe akauliza kama umebaki. Tangu hapo nikawa mtu wa pale.

Basi bwana semina akatangaza kwamba sisi tumejitoa. Alimleta fundi akaunda dining table ndani ya chumba chetu cha mbele, na viti vinne: baba, mama, Editha na Kastori. Alisema, "Kuanzia leo hii nyumba ni nuclear family. Tunakula hapa, mlango umefungwa, na sahani haitoki."

Wakuu, mmeshawahi kula maendeleo? Mimi nimekula. Watoto wameshikishwa vijiko, ugali unakatwa kama keki, na kutoka kwa babu yao, umbali wa kelele moja tu, wanasikia binamu zao wanacheka. Kastori akawa anatafuna anaangalia mlango.

Siku moja Editha akauliza, "Baba, kwani tumefanya kosa gani?"

Baba yake akamwambia asiongee na chakula mdomoni.

Lile swali liliniumiza. Mimi nilikuwa mgeni mlimani. Kwetu ni mbali, chini kabisa ziwani. Ukinikatia wale watu, nikiugua nitamwita nani, meza?

Kwa hiyo nikafanya nilichofanya, na sijutii hata chembe. Mume wangu alikuwa anarudi jioni sana, kwanza kutoka kazini, na kituo cha kahawa kilipofungwa msimu, kutoka Mbinga mjini alikokuwa anawaelimisha watu wasiomuuliza. Mimi nikawa napika mapema. Sahani inafunikwa, napita nayo katikati ya mibuni, naiweka jikoni kwa mama mkwe, narudi kukaa kwenye duara. Ugali wangu ulikuwa unaliwa kule umepoa. Hakuna aliyelalamika, hakuna aliyeuliza.

Ikafika Machi, wakati wa ngolo.

Kwa msiojua, sisi mlimani hatulimi matuta ya kawaida, udongo ungeishia Ziwa Nyasa. Wanaume wanafyeka nyasi, zikinyauka wanazipanga chini kwa mistari inayokatizana mpaka shamba zima linakuwa vyumba vyumba. Wanawake tunachimba udongo katikati ya kila chumba, tunafunika nyasi, tunaotesha maharage juu. Katikati linabaki shimo la kushika maji ya mvua. Kazi nzuri sana, ila haifanywi na kiini. Inafanywa na kokwa, ganda, na mti mzima.

Na zamu za ngolo zilikuwa zinapangwa wapi? Kwenye sengu. Mtaalamu wetu hakuwepo.

Akasema tutachukua vibarua. Vibarua wenyewe walikuwa kwenye ngolo zao, mvua haingojei mtu. Akasema basi, nuclear family itajitegemea. Akaingia shambani.

Mungu anisamehe, nilicheka moyoni siku ya kwanza. Karani anapanga nyasi kama anasaini. Mistari imepinda, vyumba vingine vikubwa kama uwanja wa mpira, vingine kuku hageuki. Ikanyesha mvua moja ya kawaida tu, maji yakakata katikati, yakabeba udongo pamoja na mbegu nilizokuwa nimeotesha.

Hapo kicheko kikaisha. Maharage yale ndiyo chakula cha watoto mpaka mwaka unaofuata. Mvua zilikuwa zimebaki kidogo, na ardhi ikishakauka pale jembe linaruka. Nililia palepale mteremkoni, na yeye akatupa nyasi alizoshika, akainama kuokota mbegu kwenye matope bila kuhubiri. Ilikuwa mara ya kwanza tangu semina.

Jumamosi asubuhi tukasikia mafyekeo.

Walikuwa kaka zake wote. Nyuma yao wake zao na majembe, na nyuma kabisa baba mkwe na fimbo yake. Shemeji Bosko, mkubwa wao, hakumcheka mtu. Aliifumua ile mistari iliyopinda, akaanza upya kutoka juu.

Mume wangu akamfuata baba yake, sauti ya chini, akamwambia hakuwa ameomba msaada.

Mzee akamjibu kwa Kimatengo, mimi natafsiri: "Nyumba inayoleta ugali kwangu huwa tunailimia. Ya kwako haijakosa."

Mume wangu akanigeukia. Mimi nilikuwa nachimba kwa bidii ya ajabu.

Jioni shamba likawa limekwisha, vyumba vimenyooka mpaka bondeni. Na mila inasema uliyelimiwa unalisha. Nikawa nimepika sufuria zote za nyumba na za kuazima. Mume wangu anaangalia ule umati, anaangalia viti vinne. Akasema basi meza itolewe nje.

Haikutoka. Fundi aliiunda ndani, mlango ukaikataa kila upande.

Shemeji Bosko akaomba nyundo. Akaigonga miguu yote ikatoka, ubao ukabebwa kichwani mpaka barazani kwa baba mkwe, ukawekwa juu ya matofali. Ugali ukaenea vizuri sana.

Mume wangu alikuwa bado amesimama. Baba mkwe akamwambia, "Hebu tueleze na sisi, hiyo familia ya semina ni akina nani?"

Akajibu kwa shida, "Baba, mama na watoto."

Mzee akatazama barazani, akatazama jikoni. "Basi mimi ndiye baba. Mama yako yule pale. Hawa wote ni watoto. Kaa ule, ugali unapoa."

Akakaa.

Wakuu, mpaka leo sijasikia tafsiri bora kuliko ile, na haikuhitaji Kilatini.

Wazee wetu wote wawili wameshatangulia. Ule ubao upo, sasa uko barazani kwetu. Shemeji Bosko naye katangulia, Baba Editha ndiye mkubwa aliyebaki. Watoto wako Dar, wana meza zao za vioo na mageti, ukitaka kwenda unaulizwa kwanza unakuja lini na unaondoka lini. Kila jioni anaufuta ule ubao mwenyewe, anakaa, na kabla ya kunawa anauliza kama hakuna mwingine anayekuja.

Mimi funzo langu ni dogo: kabla hujachora duara, angalia usije ukawaacha nje wanaojua kulima.

Haya, uwanja ni wenu, wenye nuclear na wenye ukoo. Wa kutukana pia karibuni, ila mje na sahani.