Wimbo Uliomzika Masunga

Sauti ya majembe ndiyo hunijia kwanza nikiulizwa nilianzaje kuandika. Kijijini kwetu, upande wa Kishapu, wanawake walilima pamba kwa kikundi, safu moja, na shangazi yangu Minza ndiye alikuwa manju wao. Alitunga nyimbo papo hapo jembe likiwa juu: jua, tumbo la mwenyekiti wa kijiji, mbuzi aliyetafuna kanga yake. Walicheka hadi safu ikapinda. Nilikuwa darasa la nne, nikaamini hakuna kazi tamu kama ile, na bado naamini. Mumewe, Masunga, alikwenda kuchimba dhahabu Geita mwanzoni mwa miaka ya sabini, na tangu hapo kimya. Kila jioni shangazi alimwekea ugali na mlenda, akafunika. Asubuhi tuliula sisi watoto, kwa woga, kama tunaomnyang'anya mtu.

Mwaka ule wa darasa la nne, pamba ilipokwisha kuuzwa, ngoma zilianza. Kwetu vikundi viwili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, na kinachovuta watazamaji wengi ndicho kinachoshinda. Siku ya mwisho watu walikuwa wanatukimbia, wanahamia upande wa pili. Shangazi akasimama katikati ya vumbi, ametota jasho, akaanza wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia. Alimwimba Masunga akifukiwa shimoni, udongo ukimjaa mdomoni, akimwita mkewe ambaye yuko mbali anachambua pamba. Alimtaja kwa jina lake na la baba yake, kama tufanyavyo msibani. Ngoma za wenzetu zikanyamaza. Watu wakarudi kwetu wote, wanawake wakilia kwa sauti, tukashinda. Jioni ile hakuweka ugali. Nikamwuliza nani amemwambia Masunga amekufa.

"Hakuna," akasema. "Wimbo ulikuja wenyewe, mwanangu. Ningeufanyaje?"

Wimbo ukasafiri na wachimbaji. Kiangazi kilichofuata Jilala, kijana wa jirani, alirudi kutoka Geita, akamkuta shangazi anaanika michembe, vile vipande vya viazi vitamu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Za huko?"

Hakukubali kukaa. Alisema alikuwa kambi moja na Masunga, mzima wa afya, ameshafunga mizigo arudi nyumbani, ndipo wageni wakauimba ule wimbo pale kambini. "Aliusikiliza hadi mwisho, akafungua mizigo. Akasema, kwetu nimeshaliliwa, nirudi kufanya nini? Kesho yake hatukumwona tena."

Shangazi aliendelea kuanika. Baadaye akanigeukia, macho makavu kabisa. "Lakini wimbo ulikuwa mzuri," akasema. "Au haukuwa mzuri?" Nikamjibu ulikuwa mzuri sana, na nilisema kweli.

Siku hizi safu zile za kulima hazipo. Mimi naandika peke yangu, mjini Shinyanga, na hakuna anayelia mbele yangu. Vijana huniuliza msukumo wangu hutoka wapi, nami huwaambia habari za kuamka mapema na kusoma sana. Siwaambii kwamba naogopa. Naogopa kila ninapomuua mtu katika kitabu na sentensi ikatoka vizuri, kwa kuwa najua nisingeifuta, hata kama yeye mwenyewe angesimama mlangoni akipiga hodi.