Mama Alivyouziba Ufa

Mvua ile ilinyesha alasiri moja tu, lakini ilifanya kazi ya msimu mzima. Ngurumo, mvua ya mawe, kisha maji yakateremka kutoka mashamba ya chai ya juu na kuingia nyumbani kwa Mama, huku kwetu karibu na Kapkatet, bila hata kubisha hodi. Nyumba yake ni ya udongo na mabati. Ukuta wa chumba anacholala ulilowa na kupasuka ufa wa kuingiza mkono.

Asubuhi mzee wa kijiji alipita akitangaza kwamba naibu wa chifu atakuja na afisa wa kaunti kukagua hasara. Aliyebomokewa atasaidiwa kujenga upya. Nilifurahi, nakiri. Kwa mara ya kwanza tulikuwa na kitu ambacho serikali ilikuwa inakitafuta.

Nikaenda shambani kutazama majani ya chai yaliyochanwa na mawe. Niliporudi nilimkuta Mama amejifunga leso kiunoni, tope lote ameshalitoa nje kwa sepetu, na vitambaa vya makochi vimeanikwa juani. Alikuwa anakandika ukuta kwa udongo na kinyesi cha ng'ombe.

"Mama, unafanya nini?"

"Si umesikia wageni wanakuja?"

"Wanakuja kuona uharibifu!"

"Sasa watakaa wapi wakiuona? Kwa matope?"

Nilibisha mpaka koo likanikauka. Akanituma kwa jirani nikaazime vikombe, nami nikaenda nikiendelea kubisha njiani peke yangu. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama aliuziba vizuri sana, kisha akatundika hapo kalenda ya kanisa.

Wakaguzi walifika mchana wakiwa wameshakunywa chai kila boma walilopita. Mama akawaongezea nyingine, na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyuni, juu yake. Afisa alisifu usafi. Nikashindwa kuvumilia, nikawapeleka chumbani na kuinua kalenda.

"Huu ukuta umepasuka," nikasema.

Ulikuwa laini kama shavu la mtoto. Mama akacheka.

"Msimsikize. Huyu amekaa sana Nairobi, anaona nyufa kila mahali."

Wote wakacheka, na naibu wa chifu akashukuru.

"Mama, wewe Mungu amekukumbuka. Wacha sisi twende kwa wenye shida."

Mama aliwasindikiza hadi langoni, ameng'aa kwa furaha. Mimi nilikasirika hata chai ikanishinda, na ilikuwa chai tamu.

Siku chache baadaye kukanyesha tena, manyunyu tu ya kawaida. Asubuhi ukuta ukaanguka nje, kalenda na yote, juu ya sukuma wiki. Kitanda cha Mama kikabaki wazi, na wanawake waliokuwa wakipeleka majani ya chai kituo cha kuuzia walipunguza mwendo wakitazama blanketi zake. Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu tangu siku ile ya wageni, maneno makali kweli. Nikamwona midomo inamtetemeka, nikaenda kuokota kalenda kwenye sukuma wiki.

Alijifunika leso mabegani, akaitazama barabara kupitia pale palipokuwa na ukuta.

"Asante Mungu," akasema. "Wageni walikuwa wameshaenda."