Siku Thelathini za Laurenti

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Laurenti ni namna alivyofungua karatasi. Alikuwa amesimama mlangoni pa chumba changu, hapa Masuguru, Jumapili moja baada ya misa. Mkononi alishika kijitabu kilichokunjwa mara mbili na kuzungushiwa singa nyeupe za mkonge. Mkono wake wa kushoto una vidole vitatu tu. Kwa vidole hivyo vitatu alilegeza fundo taratibu, kama mama anayemvua nguo mtoto aliyelala, bila kukata hata unywele mmoja. Kisha akazizungusha singa zile kwenye kidole gumba zisipotee.

"Mwalimu," alisema, "nasikia Kiingereza unakijua mpaka ndani. Nisomee hiki. Lakini usiruke neno."

Kilikuwa kijitabu cha gari. Jaladani palikuwa na picha ya gari lenye kifua kipana, magurudumu yenye meno makubwa, limesimama juu ya mteremko wa changarawe nyeusi, na nyuma yake mlima wenye kilele cheupe. Jina lake Toyota Landkruza. Nakiri kwamba sikuwa nimepata kulisikia. Sisi wa Korogwe tulizijua Landrova za serikali na malori ya Kiingereza yanayobeba mkonge. Kutoka Japani tulijua vitambaa na vikombe. Gari lilikuwa jambo jipya, na katika mwaka huu wa 1961 mambo mapya hayatushangazi sana, ila hili lilinishangaza.

Laurenti alizaliwa katika kambi ya shamba moja la mkonge karibu na Mnyuzi. Baba yake, mzee Bernardo, alitoka Songea akiwa kijana, akaja na msafara wa manamba, vibarua wa mkataba, akasema atakaa miaka miwili. Amezikwa hapa hapa. Mtoto akakulia katika harufu ya mkonge mbichi, akaingia kwenye korona, yaani ule mtambo mkubwa unaoparura majani mpaka zibaki nyuzi tupu. Alianza kwa kulisha majani, akajifunza kuufungua na kuufunga mtambo wenyewe, na leo, akiwa na miaka thelathini na minne, ndiye fundi wanayemwita kila unapokorofika. Vidole vyake viwili vilikwenda humo alipokuwa na miaka ishirini na miwili.

"Korona haina kosa," aliniambia siku ile, kwa utulivu kabisa. "Haijui. Inaparura jani, inaparura mtu, sauti ni ileile."

Nikamsomea. Kijitabu kilieleza kwamba ukoo uliotengeneza gari hilo haukuanza na magari. Ulianza na nyuzi. Palikuwa na mtoto wa seremala, kijijini huko Japani, aliyemwona mama yake akiinama kutwa kwenye mtambo wa mbao wa kufumia nguo. Akajaribu kuupunguzia taabu ule mtambo, akaharibu mbao nyingi, watu wakamcheka, hata akafaulu. Akaendelea kuuboresha miaka mingi, mpaka akapata mtambo wa chuma unaofuma wenyewe, na ambao uzi mmoja ukikatika, husimama wenyewe.

Laurenti aliinua mkono. "Rudia hapo."

Nikarudia.

"Uzi mmoja?"

"Mmoja."

"Na mtambo wote unasimama?"

"Wote. Mpaka mtu aje aunge."

Akazilegeza singa kwenye kidole gumba, akazikaza tena. Nje kuku walikuwa wakichakura, na upepo wa mto ulileta ubaridi kidogo. Nilidhani amesahau kwamba nipo. Kisha akaomba niendelee, nikamsomea kuhusu mwana wa mfumaji yule, aliyetamani magari. Na Waingereza wa viwanda vya nguo walionunua ruhusa ya kuutengeneza ule mtambo, na mapato yale yakawa mbegu ya gari. Na lori la kwanza la mwaka 1935, lililokuwa likiharibika njiani hata mafundi wakawa wanalifuata kulitengeneza na kujifunza. Na mwaka 1951, gari lao lilipopanda Mlima Fuji mpaka kituo cha sita, mahali ambapo gari halikuwa limefika. Hapo ndipo picha ya jaladani ilipopata maana.

"Ni watu wa nyuzi kama sisi," alisema Laurenti akifunga tena singa zake. "Sisi tunatoa nyuzi, tunazianika, zinapanda meli, basi. Hatujui ziendako. Wao walikaa nazo wakawaza."

Tangu siku ile alikuja kila Jumapili, na kila Jumapili tulisoma ukurasa uleule. Nami, bila kukusudia, nikaanza kuona alichokuwa akikiona. Nikifundisha, nikitazama dirishani kuelekea milima ya Usambara iliyofunikwa na ukungu, niliona gari la kifua kipana likishuka bila haraka, likivuka mto wetu, likishika njia ya Handeni. Nililiona likiingia kwenye ule udongo mweusi unaonata kama ugali wa moto, magurudumu yote manne yakisukuma pamoja, likitoka upande wa pili limechafuka na kutulia, kama ng'ombe atokaye mtoni.

Handeni haikuwa ndoto tu. Mwaka jana, katika likizo yake, Laurenti aliitwa kwenda huko kutengeneza mashine ya kusaga ya wakulima fulani wa Kizigua. Alilala kwa mzee Muhidini, kiongozi wao, siku tisa. Mashine ikapona. Siku ya kuondoka mzee akamwambia, "Kijana, mvua za vuli zikinyesha sisi ni kisiwa. Tunataka gari letu wenyewe. Tutafutie linaloweza njia hii, nawe ndiye utakayekuwa dereva wake na fundi wake." Laurenti alikuwa amejifunza kuendesha kwa trekta la shamba. Alirudi kambini na sentensi ile moja kifuani, na Hilaria mkewe anasema kwamba kwa wiki nzima alikuwa akiweka chumvi kwenye chai.

Jumanne moja mwezi uliopita alipelekwa Tanga kuchukua vipuri vya korona. Akapitia kwa mfanyabiashara aliyempa kile kijitabu. Akaambiwa kwamba Landkruza moja iko njiani, melini, na baada ya wiki tano itakuwa stesheni ya Korogwe juu ya behewa. Wazee wa Handeni wataitazama kwanza. Wakiipenda, yao. Wasipoipenda, wako wengine.

Jioni ileile alishuka Korogwe akaja moja kwa moja kwangu. "Waandikie wazee," alisema. "Siku thelathini kuanzia kesho." Nikaandika hivyo, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote. Asubuhi iliyofuata alimwarifu msimamizi wake kwamba kipande anachokianza ndicho cha mwisho. Wasomaji wa mbali wajue kwamba kipande ni kadi ya kazi ya mashamba ya mkonge, yenye vyumba vidogo thelathini. Siku uliyomaliza kazi hutiwa alama, siku usiyomaliza huachwa. Vyumba vikijaa, ndipo unapokuwa huru kuondoka, na chumba chako cha kambini anapewa mwingine.

Alhamisi iliyopita, nikiwa najiandaa kwenda shule, nilisikia hodi. Mlangoni walisimama mzee Muhidini, kanzu yake imejaa vumbi jekundu la safari, na bibi Zamda, mkunga anayejulikana Handeni nzima, ameshika kikapu cha chakula.

"Shikamoo mzee. Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Gari liko wapi?"

Nilikwenda nao stesheni. Hapakuwa na gari. Mkuu wa stesheni alitazama daftari lake, akatazama tena, akasema hana habari ya mzigo kama huo kwa siku hiyo. Tukakaa benchini mpaka adhuhuri. Mzee Muhidini hakulalamika, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alisema tu kwamba mwenye duka mmoja wa Kabuku ana lori kuukuu la kuuza, na anataka jibu lao kesho, Ijumaa, maana yuko mnunuzi mwingine. Vuli iko mlangoni. Wakilikosa lori na hilo la Japani lisije, watakuwa kisiwa tena.

Laurenti alifika saa tisa kwa baiskeli, jasho linamtoka, nyuzi za mkonge zimemganda kwenye nywele. Hakuweza kutoka kabla ya zamu kwisha, kwa sababu chumba kimoja kitupu kingemrudisha nyuma. Aliwaamkia wazee kwa magoti, kisha akashangaa.

"Mbona mmewahi, baba?"

"Tumewahi?" Mzee alitoa kamba mfukoni. Ilikuwa na mafundo. "Kila alfajiri baada ya sala nimepiga fundo. Hesabu mwenyewe."

Yalikuwa thelathini. Laurenti akatoa kipande chake. Kilikuwa na alama ishirini na sita. Wote watatu walitazama kamba, wakatazama kadi. Mimi ndiye niliyeuliza kama Jumapili zimetiwa alama.

"Jumapili?" alisema Laurenti. "Jumapili si siku. Jumapili hakuna kazi." Kisha nikaona uso wake ukibadilika. Aliambiwa wiki tano. Yeye, mtoto wa kambini, aliyehesabu umri wake wote kwa vipande, alisikia wiki tano za siku sita sita, akapata thelathini, na hakuna fundi wa korona ambaye angepata vingine. Siku tano zilizobaki zilikuwa Jumapili, na Jumapili kwake hazikuwa na chumba cha kuingia.

Mzee Muhidini alikuwa wa kwanza kucheka. "Kumbe meli nayo ina kipande! Ikifika Jumapili inatia nanga, inakwenda kanisani!"

"Na nahodha anaimba kwaya," alisema bibi Zamda.

Laurenti hakucheka. "Nisameheni, wazee wangu. Gari ni Jumanne. Lakini mimi siwezi kuwaambia mliache lori la Kabuku kwa neno langu, maana mmeona neno langu lilivyo."

Kicheko kikaisha. Mzee aliizungusha kamba yake vidoleni. Akasema lori lipo, linaonekana kwa macho, na hili jingine liko katika karatasi. Akasema watu waliomtuma ni wengi, na hawezi kurudi kwao na picha.

Bibi Zamda akamgeukia Laurenti. "Mwanangu, mwaka jana ulitusimulia habari ya korona yako. Haya, hawa wa gari wana habari gani?"

Laurenti akafungua kijitabu, singa zikamzunguka kidole kama kawaida yake, akamweleza. Hakukisoma, maana kila neno lilikuwa kichwani mwake. Alimweleza juu ya mama aliyeinama, mbao zilizoharibika, mtambo wa chuma unaosimama kwa ajili ya uzi mmoja. Alipofika hapo, sauti yake ilipungua, na bibi akautazama ule mkono wa vidole vitatu.

"Lile lori la Kabuku nimelipanda," alisema bibi Zamda baadaye. "Nilikuwa na mzazi, uchungu umeshika. Penye kilima likakataa. Tukateremka tukalisukuma, sisi wanawake wanne, na mzazi ndani anatuhimiza! Mtoto akazaliwa pale pale, tukamwita Kilima. Muhidini, wewe kama unataka kununua kilima kingine, kanunue. Mimi nasubiri Jumanne."

"Na lisipokuja?"

"Nitakulaumu wewe. Ndiyo kazi ya kiongozi."

Mzee aliitazama kamba yake. Kisha akafungua fundo moja katika ile kamba, akafungua la pili, mpaka akafungua matano, akairudisha mfukoni. Ijumaa ikapita bila mtu kwenda Kabuku. Jumamosi tukasikia kwamba lori limekwishachukuliwa.

Leo ni Jumanne. Naandika haya stesheni ya Korogwe, juu ya goti, kwa sababu shule imefungwa kwa mapumziko mafupi na kwa sababu nisingeweza kukaa kwingine. Chumba cha thelathini cha Laurenti kinatiwa alama leo mchana. Hilaria ameketi karibu nami, miguuni pake sanduku la bati lenye vyombo vyao vyote, maana chumba cha kambini wamekikabidhi asubuhi. Kama gari halimo kwenye treni ya leo, au limo na wazee wasilitake, jioni sanduku hilo litarudi Mnyuzi, na Laurenti atapanga mstari kuomba kipande kingine. Hilaria hataki kulizungumzia. Ananiuliza tu kama huko Handeni maji ya kisima yana chumvi.

Treni ya mizigo hutoka Tanga, hupita Mnyuzi, ndipo hufika kwetu. Laurenti ameomba nafasi katika behewa la gadi, msimamizi wa treni, kutokea Mnyuzi. Kwa hiyo yeye atajua kabla yetu. Tumekubaliana hivi: likiwamo, atasimama mlangoni ameinua juu fungu la singa nyeupe, tulione tangu kwenye kona. Lisipokuwamo, mikono yake itakuwa mitupu.

Ni saa tisa na robo. Mawingu ya vuli yamejikusanya juu ya Usambara, na mwanga umekuwa wa dhahabu hafifu, kama tuko ndani ya asali. Bibi Zamda amevua viatu, ameweka wayo juu ya reli.

"Inatetemeka," anasema.

Mzee Muhidini anasimama, anakung'uta kanzu. Hilaria ameshika mpini wa sanduku. Mbali, nyuma ya mikonge iliyotoa milingoti yake ya maua, moshi unapanda, na sote tunaitazama kona.