Klaudia na Mgeni Aliyesindikizwa

Siku Nathanael alipomwona Klaudia kwa mara ya kwanza, mwanamke huyo alikuwa amemshika dereva wa Fuso mkanda wa suruali katikati ya Nshamba, na dereva mwenyewe alikuwa karibu kulia. Gari lake lilikuwa limerudi nyuma na kukanyaga mkeka ambao Klaudia alikuwa ameanikia kahawa.

"Waitu, mama, nisamehe," dereva alisema.

"Kwani umenikanyaga mimi? Iombe radhi kahawa! Piga magoti uiokote."

Dereva akapiga magoti, watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nathanael, fundi seremala, alisimama na ubao begani akitazama mpaka bega likafa ganzi. Hakuwa mtu wa kusema mbele za watu. Akiulizwa bei ya kitanda alitazama chini. Klaudia akamwona.

"Na wewe fundi, ubao huo umeubeba au umekuotea begani?"

Ndivyo walivyojuana. Wengine wote Klaudia aliwachapa kwa maneno makali, lakini Nathanael alimtania tu, kisha akamkaribisha chakula.

Klaudia alikuwa mjane asiye na mtoto. Kazi yake ilikuwa kahawa ya kutafuna: aliichemsha ingali mbichi pamoja na majani yenye harufu nzuri, akaianika, akaifunga vifurushi vidogo kwa magome ya mgomba. Fundo lake alifundishwa na bibi yake, na hapakuwa na mwingine Muleba nzima aliyelifunga vile. Vifurushi vyote vilinunuliwa na Kahangwa, mwenye maduka Bakoba, mjini Bukoba. Mteja wa namna hiyo huombewa kanisani, na Klaudia alimwombea. Kahangwa alimchukua hata Joackim, mdogo wake Klaudia aliyemlea mwenyewe, akampa kazi dukani.

Halafu Joackim akaokotwa mtaroni, kando ya barabara ya Bukoba. Magoti yalikuwa yamevunjwa kwa nyundo. Mdomoni walikuwa wamemshindilia vifurushi vya kahawa mpaka taya likateguka. Klaudia alivitoa yeye mwenyewe, kimoja kimoja, kabla maiti haijaoshwa. Mafundo yalikuwa ya kuiga. Alipovifungua, katikati ya punje za kahawa alikuta kete za unga.

Kahangwa alikuja msibani na gunia la sukari. Alilia kuliko wafiwa.

Wakati huo serikali ilikuwa imeanza kupita vijijini na vipaza sauti: toa taarifa za dawa za kulevya, jina lako litabaki siri. Klaudia alipanda gari, akaenda mjini, akamtaja Kahangwa. Hakumwambia mtu mwingine ila Nathanael, aliyekuwa akimtengenezea mlango mpya.

"Nataka afungwe, fundi. Akifungwa, hata nikifa kesho nitalala vizuri."

Akaja askari kanzu mmoja, Hafidhi, amevaa mabuti yenye matope kama mnunuzi wa ndizi. Klaudia alimpa kahawa, akaanza yeye kutafuna kama mwenyeji anavyopaswa, ndipo mgeni akachukua. Akamsimulia habari za Joackim mpaka macho ya Hafidhi yakawa mekundu.

"Mama, nikitoka wewe baki ndani," Hafidhi alisema. "Mnunuzi wa ndizi hasindikizwi."

"Nimekusikia, mwanangu."

Alisikia kweli. Lakini mgeni aliyetafuna kahawa yako na kulia msiba wako, unamwachaje atoke kwenye kibanja chako peke yake kama mbwa? Hafidhi hajafika kwenye migomba ya mwisho, Klaudia alikuwa nyuma yake na mkungu kichwani. Akamfikisha barabarani, akamwekea mkungu garini, akampungia mkono mpaka gari likapotea.

Ng'ambo ya barabara, kwenye kilabu cha pombe ya rubisi, kijana wa pikipiki wa Kahangwa aliweka kikombe chini.

"Tangu lini mnunuzi wa ndizi akapewa mkungu bure?" aliuliza. Aliyekaa naye alicheka. Yeye hakucheka.

Kikosi cha polisi kilivamia Bakoba, kikakamata magunia na watu wanne. Redio ikatangaza, Nshamba wakapiga makofi. Kahangwa alikuwa ametoroka kwa mlango wa nyuma.

Alikuja kwa Klaudia mchana, jua likiwaka, na vijana wawili.

"Hodi, mama."

"Karibu," Klaudia alisema.

Kahangwa akaketi. Klaudia akaleta kahawa, akatafuna kwanza. Kahangwa akatafuna pole pole.

"Tamu. Joackim naye aliipenda. Tulimpa mpaka akashiba."

Vijana wakaangua kicheko.

"Haya, naondoka. Utanisindikiza na mimi, au unasindikiza askari tu?"

Klaudia akajifunga kanga kiunoni. Kijana mmoja akamnyooshea kidole Nathanael, aliyekuwa ameganda mlangoni na nyundo mkononi.

"Bosi, huyu hashindi kwake, anashinda hapa. Hata siku ile ya askari alikuwepo."

Kahangwa akamnyang'anya nyundo, akaipima uzito.

"Fundi, mama anakuambia mambo yake?"

Nathanael alitazama chini. Kahangwa akamtazama magoti. Hapo Klaudia akamzaba fundi kofi, akamkaripia. Vijana walicheka sana; hata Kahangwa alitabasamu, akaitupa nyundo migombani. Wakaondoka na Klaudia katikati yao.

Aliokotwa mtoni baada ya mvua. Vidole vyote kumi vilikuwa vimekatwa, na daktari alisema vilikatwa angali hai.

Kahangwa alikamatwa akijaribu kuvuka mpaka. Mashahidi walikuwa wachache. Wengi walikuwa wameugua ghafla au wamesafiri. Nathanael alipanda kizimbani, akaeleza yote aliyoyaona na kuyasikia, akitazama chini. Kahangwa alifungwa maisha. Kabla ya hapo, wakili wake alimuuliza fundi, kwa dharau, huyo marehemu anayemtetea hivyo alimwambia nini mara ya mwisho.

Nathanael akayarudia maneno kama alivyoambiwa:

"Toka kwangu, zezeta wewe! Mlango umeniharibia, na kichwani hamna kitu. Nani atamwambia jambo mtu kama wewe? Toka, nisikuone tena!"