Mguu Uliotakiwa Kutembea na Maumivu

Akina mama wenzangu wa Nanyala, mlizoea kuniona nikishuka kutoka shambani na gunia la mahindi kichwani. Sikuwa mtu wa kukaa. Ndiyo maana nilichanganyikiwa mguu wa kulia uliponigomea.

Nikipanda kilima kidogo tu, kigimbi kinabana. Nikisimama, maumivu yanaisha. Nikitembea, yanarudi. Baadaye unyayo ukawa wa baridi hata juani, na kidonda kidogo kidoleni kikakataa kupona. Kikaanza kunuka.

Binti yangu Tumaini, anayefanya biashara Tunduma, aliniambia, "Mama, pumzika. Umefanya kazi ya kutosha."

Nikapumzika. Hali ikazidi kuwa mbaya, hata kwenda chooni nilishika ukuta. Tumaini alipokuja akaona kidole kimekuwa cheusi, alilia, akanipeleka hospitali.

Daktari alipapasa unyayo akitafuta mapigo. Alikawia kuyapata.

"Bibi, una presha, na mishipa inayopeleka damu mguuni imekuwa myembamba. Mngechelewa, tungeukata mguu."

Alinipa dawa, kidonda kikasafishwa. Kisha akasema, "Kikipona, utembee kila siku. Mguu ukiuma sana, simama. Ukitulia, endelea."

"Nitembee na maumivu yaleyale?"

"Ndiyo. Mwili utatafutia damu njia nyingine. Ila magunia acha. Ukijikaza huku umebana pumzi, presha inapanda. Ukitaka nguvu za miguu, inuka kitini na kukaa, polepole, ukipumua."

Maisha yote nimebeba mizigo, leo nafundishwa kuinuka kitini! Njiani nikamuuliza Tumaini, "Nani mkweli, wewe au yeye?"

Kidonda kilipofunga, wifi yangu Eliza akaja kunitembeza. Mara ya kwanza nililia kando ya barabara, malori yakipita.

"Mnaniua, wifi!"

"Simama. Maumivu yakiisha, sema."

Yakaisha. Tukaendelea. Wiki zikapita hivyo, nikifanya nisichokielewa. Asubuhi moja tulifika sokoni tukipiga soga, nikagundua sijasimama popote. Nikamshika Eliza mkono.

Mpaka leo sijui vizuri jinsi dawa na kutembea vilivyosaidiana. Namshukuru Mungu, daktari, mwanangu na wifi yangu. Ninyi mguu ukiwabana, msijifungie ndani kama mimi, wala msianze kwa maneno yangu. Mkapimwe kwanza. Mkiruhusiwa kutembea, njooni; sisi tunatoka kila asubuhi umande ukikauka. Atakayesimama, tutasimama naye.