Mtu Aliyenyoosha Waya

Wanaume wengi wa Garissa waliopigwa picha za kitambulisho mwanzoni mwa miaka ya tisini walivaa koti moja. Sisemi koti la aina moja. Lilikuwa koti moja, la kijivu, mali ya Kadar Alio, limepasuliwa mgongoni toka ukosi hadi chini ili limtoshe mnene na mwembamba, na lilitundikwa kwenye msumari katika studio yake karibu na soko la mifugo. Mchungaji aliingia na kikoi chake na vumbi la Bura, akatoka kwenye karatasi akiwa karani. Kwa mbele, angalau. Mgongo haukumhusu mtu.

Kadar hakuona udanganyifu hapo. Kwake huko kulikuwa kumsitiri mtu. Mgeni akipiga hodi jioni ambayo nyumba haina kitu, mama huweka sufuria ya maji motoni na kuifunika, mgeni asikie mvuke na asiulize, na hakuna aliyewahi kumwita mama huyo mwongo. Picha, alisema Kadar, ni mgeni asiyeondoka. Basi alipangusa, aligeuza, alinyoosha, aliondoa. Kabla ya kubonyeza kamera ilikuwa lazima mkono wake uguse kitu.

Vibao vya jikoni vilimjia kupitia Dagahaley, kambi ya wakimbizi. Shirika moja la msaada lilitaka bango la kuwafundisha wanawake wa kambini kuoka mkate kwa unga wa mgao. Wanawake walikataa sura zao zibandikwe ukutani, zitazamwe na kila mwanamume anayesubiri mafuta ya kupikia. Wakakataa na mikono, kwa kuwa mikono ya mtu hujulikana. Kikabaki kibao: kibao na unga, kibao na donge, kibao na mkate. Kadar alivipiga vyote kwa heshima ambayo mabwana harusi wengi hawakuipata kwake. Tatizo lilikuwa mkate wenyewe. Ulitoka kwenye makaa umelala kama kandambili. Kadar aliutazama kwa huruma, akausitiri: alinunua mwingine katika hoteli moja mjini Garissa, uliovimba vizuri, akauweka juu ya kibao kilekile. Bango likasifiwa hadi Nairobi. Tangu hapo mwenye hoteli aliyetaka mahamri yake yapendeze ukutani, au mama aliyetaka kibao cha arusi cha bintiye kikumbukwe, alimwita Kadar Picha.

Ndipo Daud Ogle naye akamwita, na kibao chake hakikuwa na mkate.

Daud alikuwa fundi wa redio. Kibanda chake kilitazamana na mkahawa wa chai wa mzee Korane, na hapo si mahali padogo katika mji ambao saa ya habari za Kisomali kutoka London hata wanunuzi wa ng'ombe hunyamaza. Alijifunza kwa vitabu alivyoletewa na binamu yake wa Eastleigh. Vitabu hivyo humwambia anayeanza asikimbilie kufunga vitu ndani ya sanduku. Avipange kwanza juu ya ubao, waya wazi, kila kiungo kionekane. Ubao huo vinauita ubao wa mkate, kwa sababu wapenda umeme wa kwanza huko Ulaya na Marekani waliingia jikoni, wakachukua vibao vya kukatia mikate, wakavipigilia misumari. Kwa hiyo Daud naye aliingia jikoni. Mkewe, Ilhan, alikuwa na kibao cha kusukumia chapati alichokuja nacho alipoolewa. Vyombo vya nyumba kwetu ni vya mke, hata mume akitaka kijiko huazima. Ilhan alikitoa baada ya kusema mengi.

"Nitasukumia wapi?"

"Nitakununulia kingine."

"Hicho kingine ndicho ungekipiga misumari."

Lakini alikitoa, kwa sababu alijua kilichokuwa kikitafutwa. Shirika lilelile la bango lilitaka mwalimu wa kufundisha ufundi wa redio Dagahaley. Mshahara wa kila mwezi, darasa lenye bati, na watu wakikuita mwalimu. Mkaguzi, mzungu mmoja, alikaa Nairobi, hakuwa na nia ya kuja kula vumbi. Aliagiza kila mwombaji apeleke picha ya kazi aliyoijenga kwa mkono wake.

Kadar alifika uani kwa Daud alasiri, jua likiwa limeanza kulala. Kibao kilikuwa juu ya mkeka, redio nzima imeanikwa, inaimba. Daud alimwonyesha kila kitu kama mtu anayemtambulisha mgeni kwa watoto wake. Kisha adhana ikasikika.

"Piga, ndugu yangu. Mimi naenda kuswali, ukimaliza utanikuta msikitini."

"Nenda. Kibao hakikimbii."

Kibao hakikukimbia. Lakini Kadar alipochungulia kwenye kamera aliona waya mwekundu umekatiza ubao mzima kutoka kona hadi kona, juu ya kila kitu kizuri, kama njia ya mbuzi katikati ya shamba la mtu. Ulimuudhi. Alimwonea Daud aibu. Ulishikwa kwa kibano tu mwisho wake. Alikiachua, akakibana kwenye msumari wa karibu zaidi, ukingoni, na waya ukalala umenyooka sambamba na ukingo wa ubao. Redio ilinyamaza. Hilo halikumsumbua, kwani picha haina sauti. Betri zilipata moto kidogo. Alidhani ni jua, na katika mji huu dhana hiyo haina ubaya. Akapiga filamu ikaisha. Kisha, kwa kuwa ni mwaminifu, akarudisha waya mahali pake, akaenda kuswali.

Daud alirudi akakuta betri zimechoka, akamlaani mwenye duka aliyemuuzia za zamani.

Filamu za rangi wakati ule zilioshwa Nairobi. Siku zilikuwa zimebana, basi wakakubaliana filamu iende na basi, na picha zikitoka binamu wa Eastleigh azipeleke moja kwa moja kwa mkaguzi. Daud hakuziona picha zake. Alimwamini Kadar, kama watu walivyoamini koti.

Jibu lililetwa na Faiza, karani wa shirika pale Garissa, msichana mpole aliyesoma na aliyezaliwa mtaa wa pili. Alimkuta Daud kwa Korane, glasi mkononi, na Kadar kando yake. Akataka kumwita faragha. Daud, ambaye alikuwa anasubiri habari njema, akasema hana siri na watu hawa.

"Walaal, ndugu yangu, samahani. Mkaguzi amesema hapana."

"Kwa nini?"

"Amesema kwenye picha umeunganisha chanya na hasi ya betri moja kwa moja. Shoti. Amesema," na hapa aliteremsha sauti, bure, kwa sababu kwa Korane watu husikiliza zaidi sauti ikishuka, "mwalimu kama huyo atawaunguza watoto."

"Haiwezekani. Ile redio iliimba!"

"Mimi sijui redio, walaal. Nasema alichoona kwenye picha."

Daud akageuka. "Kadar, wewe ndiye uliyepiga. Ulikiona kibao. Waya ulikuwa wapi?"

Watu wote wakamtazama Kadar. Alikuwa ameshaelewa, tangu lile neno shoti. Aliona ukingo wa ubao na mkono wake mwenyewe juu yake. Angesema hapo hapo, jambo lingekwisha kwa kicheko na glasi moja ya chai.

"Kamera," akasema, "huchukua kilicho mbele yake."

Ni kweli. Hakuna mpiga picha angeweza kuipinga sentensi hiyo. Korane akatikisa kichwa kwa huzuni, akamwuliza Daud kama chai yake aiweke mbali na betri, na watu wakacheka.

Msomali humpa mtu jina la utani bila kumuuliza, na likishashika hata watoto wake hurithi. Kabla ya magharibi alikuwa ameshakuwa Daud Shoti. Tuna mtu hapa anaitwa Miguu Mirefu aliyekatwa mguu mmoja, na bado anaitwa hivyo. Redio zilianza kuhama kibandani. Mwenye redio hakusema neno baya. Alisema tu anaihitaji nyumbani, kisha ikaonekana kwa fundi wa upande wa pili wa soko.

Kadar alipita njia nyingine kwenda studio. Alijiambia atasema Ijumaa, baada ya sala. Ijumaa ilipita na watu walikuwa wengi. Alijiambia tena ni bora faragha, kisha faragha ilipopatikana aliona haitoshi, kwa sababu Daud hakuaibishwa faraghani. Hoja zote mbili zilikuwa nzuri, akazitumia kwa zamu.

Mwishowe Daud alimjia mwenyewe studio. Hakutaka picha. Alikaa kwenye kiti cha wateja, chini ya koti.

"Nimekijenga upya mara nyingi," akasema. "Kila mara kinaimba. Lakini mzungu yule hana sababu ya kunisingizia. Kwa hiyo siku ile mkono wangu ulifanya kitu na jicho halikuona."

"Daud..."

"Subiri. Baba alipofuka macho akiwa na umri wangu. Alianza hivihivi, anafunga kamba kwenye ngamia asiye wake. Nimeongea na kaka yangu aliye kule Sangailu. Nitampa kibanda mwenye kukitaka, niende nikachunge. Ngamia hata kipofu humsikia." Akacheka kidogo. "Nimekuja kukuuliza wewe kwa sababu wewe ulikiangalia kwa kioo cha kamera. Uliona nimekosea, ukaogopa kuniaibisha? Niambie. Sitakasirika kwamba ulinisitiri."

Kadar alifungua mdomo. Kilichotoka ni kwamba kesho saa ya habari atakuwa kwa Korane, naye Daud aje. Daud alimtazama kama mgonjwa anavyomtazama daktari aliyemwambia arudi kesho.

Kesho yake Kadar alifika mapema, na chai yake ikapoa. Redio ya Korane ilipoanza tu kukohoa London, alisimama akaizima. Mtu mmoja alisema, "Warya, umerogwa?" Kuzima habari pale kulikuwa jambo ambalo hata polisi hawakuthubutu.

"Waya niliuhamisha mimi," Kadar akasema. "Daud alikuwa anaswali. Uliniudhi machoni, nikaunyoosha, nikapiga picha, nikaurudisha. Macho yake hayana kitu. Na siku ile mliponiuliza nilijua."

Korane akauliza, "Uliunyoosha kwa nini?"

"Ulikuwa umekaa vibaya."

"Waya?"

"Haa, adeer," Kadar akamkubalia mzee.

Kicheko kilichofuata kilisikika hadi kwenye zizi. Mmoja aliuliza kama Kadar akipewa maiti atainyoosha pia. Mwingine akajibu maiti huja imenyooshwa tayari, ndiyo maana hakuajiriwa. Daud peke yake hakucheka. Alikuwa akizitazama kucha zake.

"Nilimwambia Ilhan anifundishe nyumba kwa kuhesabu kuta," akasema. "Nikipofuka."

Hapo kicheko kikakatika, na Kadar angependa kiendelee.

Korane, kama mkubwa wa pale, akasema kuna haal: mtu akimvunjia mwenzake heshima humlipa, ndiyo ada, na mbuzi mzuri hakosekani. Kadar akasema yuko tayari kwa lolote.

"Mbuzi sitaki," Daud akasema. "Aende Dagahaley akamwambie Faiza kwa mdomo wake. Yuko huko wiki hii kwenye mgao."

Kadar alipanda lori la unga alfajiri. Dagahaley alimkuta Faiza kwenye ghala, na ukutani nyuma yake bango lake mwenyewe, mkate wa hotelini umevimba kama siku ya kwanza. Wanawake walikuwa kwenye foleni. Mmoja, mtu mzima, alimwonyesha mwenzake picha kwa kidevu.

"Mimi mkono wangu hauna baraka ya mkate. Tazama wa wenzetu."

"Unakanda kidogo," mwenzake akamwambia.

"Nakanda hadi bega linauma, wallahi."

Kadar alimweleza Faiza habari ya waya. Akamaliza, akabaki amesimama, kisha akamweleza na habari ya mkate, ambayo hakuna aliyemtuma. Faiza aliweka kalamu chini.

"Mwaka mzima nimewaambia wakande zaidi."

"Na wamekanda?"

"Wamekanda."

Aliinuka akalibandua bango taratibu, kona moja moja, bila kumwangalia. Wanawake waliuliza kuna nini. Faiza aliwaambia, kwa sauti ya kawaida, wakamgeukia Kadar wote, wala hawakumtukana. Yule mtu mzima aliyeumwa bega alimtazama tu, akavuta shungi, akasogea mbele na foleni.

"Na Daud?" Kadar akauliza.

"Nafasi imepewa kijana kutoka nje. Ameanza juzi. Alileta picha nzuri."

Alirudi Garissa jioni ya siku ya pili, akaenda moja kwa moja kibandani bila kuoga. Redio mbili tatu zilikuwa zimerudi mezani. Nje, mteja alikuwa anaita, "Daud Shoti! Yangu iko tayari?" na Daud akaitika, kwa sababu mtu huitika jina lake.

"Imepewa mwingine," Kadar akasema. "Nimechelewa."

Daud hakuinua kichwa. Alikuwa na chuma cha kulehemu mkono mmoja, na kwa mwingine alijaribu kuzuia nyaya mbili zisiachane. Moshi wa risasi ya kulehemu ulimpanda usoni. Kadar alisimama mlangoni akisubiri kufukuzwa.

"Ingia, unanizibia mwanga," Daud akasema mwishowe. "Shika hapa."

Kadar akashika.

"Usinyooshe kitu."