Ulezi Wangu na Nauli ya Uongo

Tangu lori la mahindi lipinduke nasi kwenye mteremko wa kutokea Milepa, mguu wangu wa kushoto haubebi mzigo. Watatu tuliokaa nao juu ya magunia walizikwa, mimi nikabaki. Watu huniambia nimshukuru Mungu. Namshukuru. Lakini kushukuru hakufikishi debe la ulezi gulioni, na kazi nyingine sina, niliishia darasa la nne.

Ndiyo maana nikaingia kwenye mnada wa simu. Ni kundi la watu wa mikoa yote. Unaweka picha ya mali yako, watu wanapandishiana bei, anayeshinda anatumiwa kwa basi. Mwenye kundi ni kijana mwenye stoo Mazwi, mjini Sumbawanga. Sisi wauzaji tunapeleka mali kwake, yeye anafunga, anasafirisha, na anamwambia mnunuzi gharama ya kutuma. Sisi hiyo gharama hatuambiwi. Hapo ndipo penye uoza, ila mimi nilichelewa kuona.

Ulezi wangu ulijulikana. Naupepeta mara tatu, hauna hata punje ya mchanga. Basi mama mmoja wa Dodoma, mwenye mtoto mchanga, akashinda kiroba changu. Mimi nikafanya tulivyofundishwa na mama zetu: ukishapima, unaongeza. Nikachota viganja sita vya nyongeza, nikavimimina juu, nikashona mdomo. Kwetu huwezi kumpimia mtu bila nyongeza ukamwacha aende hivyo. Ni aibu.

Siku ya tatu nikafungua simu, nikasikia sauti ya yule mama kundini, mbele ya watu wote.

"Mama wa Sumbawanga, ulezi wako mzuri, roho yako mbaya! Umeniuzia bei ndogo halafu unajaza kilo ili unikamue kwenye nauli? Elfu ishirini na nne kwa kiroba kimoja!"

Wengine wakadakia. "Wafipa nao wamejanjaruka siku hizi!" Mwingine akacheka, "Bibi anauza ulezi na basi lake."

Mwenye kundi hakunitetea. Akatuma sauti moja tu: "Ndugu wateja, mzigo ulizidi kilo, muuzaji aliongeza mwenyewe." Kweli niliongeza. Ukweli huo akaufanya shimo la kunizikia.

Wiki ile nikaweka picha ya viroba viwili. Hakuna aliyetaja hata bei. Nikajua jina limekwisha, na bila jina nyumbani kwangu hakuna chumvi.

Nikapanda bodaboda mpaka stendi, ofisi ya basi lililobeba mzigo. Karani alikuwa dada wa Mbeya, mpole. Nikamwuliza kilo ngapi zilizidi.

"Kilo?" akashangaa. "Mama, sisi hatupimi. Kiroba ni kiroba, Dodoma elfu nane." Akanifunulia kitabu, akaniacha nipige picha nakala ya risiti.

Elfu nane! Nikaenda Mazwi nikichechemea.

"Shikamoo, mama," mwenye kundi akaanza, mkono kifuani kama mtoto wa parokia.

"Marahaba. Nauli ya Dodoma ni shilingi ngapi?"

Akatazama picha kwenye simu yangu. "Aa, shangazi, kuna gharama za kufunga pia. Hii ni biashara ya mtandaoni, siyo gulio la Mollo."

"Gulioni Mollo mwizi tunamwona sura! Kiroba nilinunua mimi. Uzi wangu, mdomo nilishona mimi. Wewe ulifunga nini?"

"Kuna bodaboda ya kwenda stendi. Na usumbufu."

"Haya, sema bodaboda. Sema na usumbufu wako, uutajie bei, tena kabla watu hawajaanza kupandishiana. Mtu atalipa kwa kupenda. Kwa nini unaita nauli? Kwa nini unazitaja kilo zangu?"

Akacheka. "Bei ya mali ikiwa ndogo na mimi nile wapi?"

"Ongea kundini. Sema kilo hazikuwa na kosa. Hicho tu."

"Nenda kapumzike, mama. Mguu huo utakuuma."

Nikiwa bado mlangoni kwake nikaituma risiti kundini na sauti yangu. Nikasema: anayewaibia ni huyu mwenye kundi, anaficha faida yake ndani ya nauli, na wauzaji wenzangu mlinyamaza nikitukanwa. Sikumaliza hata kurudisha simu mfukoni, nikaona nimeondolewa.

Jioni yule mama wa Dodoma akanipigia. Kumbe aliiwahi risiti kabla haijafutwa.

"Mama yangu, nisamehe. Nilikuonea."

"Nimekusamehe. Sasa kaseme kulekule uliponisemea."

Nikasikia mtoto akilia nyuma yake. "Mama... nikisema na mimi si nitatolewa? Maharage humo nayapata kwa bei nzuri. Mimi nitakuwa nanunua kwako wewe, pembeni."

"Wewe peke yako, kiroba kimoja kwa miezi miwili?"

"Ndiyo, mama. Nitajitahidi."

Alinitukana mbele ya mamia, akaniomba radhi sikioni. Nikamwambia ulezi wangu hauuzwi kwa kujificha, sikuuiba. Nikakata simu, nikakaa na viroba vyangu viwili. Yeye naye namhesabu kati ya walioniibia jina, pamoja na yule wa Mazwi.